Mkanda Mmoja, Mbwa Wanne

Bi Wanu Ubwa amelisha mbwa kwa miaka mingi kuliko alivyolisha watoto wake. Watoto wamekua wakaenda zao, mmoja kaolewa Kiembe Samaki, mwengine yuko bara, mbwa wamebaki. Ukimwambia "mbwa wako", atakukatiza upesi: "Si wangu, nawalisha tu." Na kweli si wake. Ni wa msako, yaani wa kundi la wasasi wa Chwaka wanaotoka siku za mapumziko kuwafukuza nguruwe mwitu wanaochimbua mihogo ya watu. Marehemu mumewe, Nahodha, alikuwa msasi, na konde lake liko nje ya kijiji, huko maweni, ambako mtu hulima penye udongo kidogo baina ya mawe. Katika konde hilo pana banda la mbwa. Nahodha alipofariki, wenzake hawakuwa na pahala pengine pa kuwaweka. Hakuna aliyemwambia mjane endelea, wala aliyemwambia acha. Siku iliyofuata baada ya hitma mbwa walilia njaa, naye akawapelekea chakula.

Walikuwa wanne. Subutu ndiye aliyekuwa mbele yao. Mshale alikuwa mwembamba, mwenye mbio. Wawili waliobaki walikuwa wa tumbo moja, Sikomi na Hayakuhusu. Wasasi hupenda kuwapa mbwa majina ya kuchokoza watu, na hili la mwisho liliwahi kuleta kesi. Bibi mmoja, jirani wa lile konde, alikwenda kwa sheha, kiongozi wa kijiji, kushtaki kwamba kila asubuhi akipita na ndoo yake Wanu humpigia ukelele, "Hayakuhusuu!" Sheha alilazimika kwenda mwenyewe kumwona aliyekuwa akiitwa. Mbwa alikuja mbio, akakaa mbele ya sheha, akatoa ulimi. Kesi ikaishia hapo.

Mambo yake Bi Wanu yalikuwa na taratibu. Mbwa walikuwa na sufuria yao, kata yao na kamba zao. Kanga aliyoivaa kwa kazi ile ilitundikwa mtini huko huko kondeni, haikuingia nyumbani hata siku moja. Akiguswa na mate aliosha mara saba, moja kwa udongo, kisha ndipo atawadhe. Hata hivyo wapo wanawake waliovuta mkono alipowapa wake. Walitaka nguruwe wafukuzwe, lakini hawakutaka kuwa karibu na aliyewalisha wafukuzaji.

Tahiya hakuwa mmoja wao. Tahiya ni mdogo kwa Bi Wanu, angeweza kuwa bintiye, lakini walikuwa mashoga. Mashamba yao ya mwani yalipakana, na wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali, walikwenda pwani pamoja na kurudi pamoja. Bi Wanu ndiye aliyemshika mkono Tahiya siku alipomzaa Khairat, na Khairat tangu aanze kusema humwita Bi Wanu bibi.

Baada ya mvua za masika gari ya idara ya mifugo ilipita kijijini na kipaza sauti. Kliniki ya chanjo itakaa uwanja wa skuli. Walete mbwa, walete paka. Bei ni ndogo, haifiki ya fungu la dagaa, na hapo hapo mnyama ataandikishwa, atapewa kibali na mkanda wa shingoni. Bi Wanu alikwenda kwa Silima, mkuu wa wasasi, nduguye marehemu mumewe.

"Shemeji, wametangaza chanjo. Niwapeleke wote?"

"Wote wa nini? Upite mbele ya skuli na mbwa wanne, watu wakudhani unakwenda kufungua gwaride? Mpeleke Subutu."

"Wamesema kila mbwa."

"Wamesema hivyo kwa wenye mbwa mmoja mmoja. Sisi tuna msako. Tangu enzi ya baba kibali cha msako ni kimoja. Anapewa mkuu, na walio nyuma yake wote wamo. Ushamwona wewe msasi wa nyuma akaulizwa kibali?"

Hakuwahi kumwona, na hilo lilikuwa kweli. Wasasi siku zote walitoka kwa kibali kimoja, chenye jina la mkuu wao, na hakuna aliyewasumbua. Na kwa kuwa sindano, kibali na mkanda vyote vilitolewa kwenye meza moja, Silima aliviona kuwa ni kitu kimoja. Sindano ya Subutu ilikuwa sindano ya msako.

Uwanjani palikuwa na kelele. Paka waliletwa ndani ya vikapu, mmoja ndani ya mfuko wa sembe uliotobolewa tundu la pua, na mwanamme mmoja alimkumbatia jogoo akibishana kwamba naye ni mfugo. Mezani alikuwapo daktari wa mifugo kutoka mjini, msichana anayeitwa Faiza, mikono ya baibui kaikunja, glavu zimefika viwikoni.

"Shikamoo, bi mkubwa. Huyu anaitwa nani?"

"Marahaba. Subutu."

"Mtihani huo! Na mwenyewe?"

Kule hakuna anayependa kuandikwa kuwa ni mwenye mbwa. Mtu atasema mbwa wa konde, mbwa wa msako, mbwa wa pale.

"Andika Nahodha Borafya."

"Yuko wapi yeye nimwone?"

"Keshatangulia mbele ya haki."

Faiza aliweka kalamu chini. "Maiti hapewi kibali, bi mkubwa."

"Basi andika msako."

Mwisho aliandikwa yeye, Wanu Ubwa, mlishaji. Subutu alichomwa, akafungwa mkanda wa plastiki wa rangi ya chungwa. Faiza akauliza kama wapo wengine, akaambiwa watatu.

"Walete. Kila mmoja na sindano yake. Kesho tuko Marumbi, kesho kutwa tuko tena hapa."

"Inshallah."

Jioni alimpelekea Silima maneno hayo. Silima alicheka mpaka akakohoa. "Wanatafuta wingi. Wakirudi mjini waseme tumechoma mbwa mia. Tulia, shemeji." Kesho kutwa Bi Wanu alisikia mbwa na paka wakipitishwa kwenda skuli. Yeye alikaa barazani akichagua mchele. Maneno ya daktari aliyafahamu vizuri. Alijiambia kwamba mbwa si wake.

Basi mkanda ukafanya kazi ya kibali. Ulivaliwa na mbwa aliyekuwa mbele, kwa maana ndiye atakayeonekana kwanza na watu watakaokutana na msako njiani. Subutu alipokanyaga mwiba akawa anachechemea, wasasi waliuvua wakamvika Mshale.

Wiki chache zilipita. Kisha Mshale akaanza kuacha chakula. Alisogelea sufuria, akanusa, akaondoka. Alitafuna kamba yake. Sauti ilimkauka, akawa anabweka kama mtu mwenye mafua, na mate yalimtoka kupita kiasi. Bi Wanu alidhani mfupa umemkwama kooni, akamwambia Silima.

"Utateremka," alisema Silima.

Siku iliyofuata Bi Wanu alikuta kamba imekatika na banda limebaki na watatu. Bamvua lilikuwa limeshaanza, maji hayamngoji mtu, akaenda pwani.

Khairat alikuwa akitoka chuoni, msahafu kifuani. Njia ya kwao inapita ubavuni mwa konde. Waliokuwapo wanasema Mshale aliruka ukuta wa mawe bila ya kubweka, akamuuma mguu chini ya goti, akaendelea na mbio kuelekea msituni kama aliyekuwa na safari yake. Mtoto alipelekwa kwa mamake akilia. Tahiya alimwosha mguu kama alivyofunzwa: mara saba, moja kwa udongo. Akamfunga kitambaa. Akaenda kwa sheha.

"Mbwa gani?" aliuliza sheha.

"Wa msako. Ana mkanda wa rangi ya chungwa."

"Alhamdulillah. Mwenye mkanda kachanjwa. Nenda kampumzishe mtoto."

Bi Wanu alipopanda kutoka pwani na fungu lake la mwani kichwani, habari ilikuwa imeshaenea. Alilitua palepale njiani akaenda mbio kwa Tahiya. Khairat alikuwa amelala kwenye jamvi kando ya kitanda, mguu juu ya mto. Tahiya alimpokea yeye kama mgonjwa.

"Usijisumbue roho, shoga yangu. Mnyama ni mnyama. Ule mkanda ndio uliotuokoa. Bahati wewe uliwapeleka! Lau ingekuwa mbwa wa mtu mwengine, saa hizi nnahangaika mjini."

Bi Wanu alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Mdomo aliufungua. Tahiya alikuwa akimmiminia chai.

"Kunywa, umekauka."

Alikunywa. Akaaga.

Hakwenda kwake, alikwenda kwa Silima. Alimkuta uani akinoa mkuki.

"Shemeji, ule mkanda si wa Mshale."

"Najua. Mie ndiye niliyemvika."

"Basi mtoto lazima apelekwe hospitali. Leo."

Silima aliendelea kunoa. "Ukisema hivyo, kesho atakuja yule msichana wa mjini na sindano nyengine, ya kuulia. Atawaua wote. Nguruwe watashuka mpaka kwenye majiko ya watu. Na mie nitaambiwa nimemdanganya sheha."

"Umemdanganya."

"Nimemdanganya nini? Kibali ni cha msako! Na watoto wangapi wameumwa na mbwa kijiji hiki? Mie mwenyewe nishaumwa. Nimekufa?"

"Mshale yuko wapi?"

"Kafuata jike huko."

"Mbwa asiyekula, asiyebweka, anafuata jike?"

Hapo Silima aliinua macho. "Mwanamke akibeba sufuria ya mbwa ashajiona msasi. Nenda kwako, Wanu. Mbwa akirudi mzima, utakuwa umetia watu hofu bure. Ngoja arudi."

Alingoja. Ndilo analolijutia hata leo kuliko ile kesho kutwa ya barazani. Alingoja jioni ile na usiku wake, akijiambia kwamba asubuhi atamkuta Mshale mbele ya sufuria. Asubuhi alikwenda kondeni kabla jua halijachomoza vizuri. Watatu walikula. Mshale hakuwapo.

Wanawake wa mwani walikuwa wamekaa kwenye banda la makuti karibu na pwani, wakifunga mbegu kwenye kamba. Tahiya alikuwa kati yao, akisimulia kisa cha jana, na wengine wakimtania kwamba Khairat sasa atakimbia kuliko watoto wote wa skuli. Bi Wanu alisimama mlangoni.

"Tahiya, njoo huku nje."

"Sema tu, shoga. Hapa wote wetu."

Basi alisema mbele ya wote. "Mshale hakuchomwa. Aliyechomwa ni Subutu. Mkanda ni wa Subutu, wakamvika yule. Na Mshale ni mgonjwa, hajala. Mtoto umpeleke mjini sasa hivi."

Mikono yote iliacha kamba. Tahiya alimwangalia kama asiyemfahamu.

"Ulikuwa ukijua?"

"Nilikuwa nnajua."

"Jana? Pale ulipokaa kitandani kwangu ukanywa chai yangu?"

"Nilikuwa nnajua."

Tahiya aliinuka. Mbegu za mwani zilimmwagika mapajani. Alimpita Bi Wanu bila ya kumgusa, na mmoja katika wale waliobaki alisema, kwa sauti ya kusikika, "Mtu anayekaa na mbwa, mtamtaka awe na roho ya nani?"

Gari ya kukodi ilipatikana. Bi Wanu alipanda nyuma bila ya kualikwa, wala hakuna aliyemshusha. Toka Chwaka mpaka mjini Tahiya hakugeuka hata mara moja. Khairat peke yake ndiye aliyesema. Aliuliza kama sindano inauma, na bibi yake akamwambia inauma kidogo.

Hospitalini muuguzi alifungua kitambaa, akaona chembe za udongo ndani ya kidonda.

"Mmekiosha na nini?"

"Nimemtoharisha," alisema Tahiya.

"Tohara ya najisi nimeifahamu. Lakini kidonda cha mbwa nacho kina haki yake, mama yangu. Sabuni na maji ya mfereji, muda mrefu, kisha mbio hospitali. Udongo usiingie." Alikiosha upya, taratibu, mtoto akilia, mpaka yale maji yakatoka meupe. "Na mbwa? Kachanjwa? Yupo tumwangalie?"

Aliyejibu ni Bi Wanu, akaeleza yote toka mwanzo, hata kamba iliyokatika. Muuguzi alipiga sindano kuzunguka kidonda, akapiga ya mkononi, akasema zitafuata nyengine na haifai kukosa hata moja. Kisha akamgeukia Bi Wanu.

"Wewe ndiye unayewalisha? Mate yake yamekugusa siku hizi?"

Aliitazama mikono yake. Ilikuwa imechanika kwa kamba za mwani, kama ilivyo mikono ya wote wanaolima mwani.

"Yamenigusa."

"Basi kaa na wewe."

Kwa hivyo siku za kurudi zilikuwa zile zile kwa wote wawili. Walikwenda pamoja wakirudi pamoja, mtoto katikati, na katika safari zile Tahiya alimsemesha kwa jambo la lazima tu: shika mkoba, sogea, tumefika.

Mshale alionekana siku ya tatu, amekufa chini ya ukuta wa konde la watu wengine. Faiza alikuja kumchukua. Majibu ya maabara yalipotoka, sheha aliita watu skuli na kuwaeleza kwamba ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa ule, Faiza aliwaambia, ukishaonekana kwa mtu hauna dawa. Dawa ni kabla. Hakupaza sauti. Watu walimtazama Khairat aliyekaa safu ya mbele akichezea kitambaa cha mguu, kisha wakaangalia chini.

Sikomi na Hayakuhusu walilala banda moja na Mshale, na hawakuwa na chanjo. Hawakuweza kuachwa hai. Subutu aliongezwa sindano, akatengwa peke yake aangaliwe. Siku ya wale wawili, wasasi hawakutokea. Sheha alisimama mbali, mkono puani, ingawa hapakuwa na harufu. Mbwa walimkimbia Faiza wakajificha nyuma ya mawe.

"Hawamjui mtu ila mimi," alisema Bi Wanu.

Faiza alimpa glavu. Bi Wanu hakuwahi siku zote zile kumshika mbwa kwa kutaka. Aliwapa chakula na kujitenga. Alipiga ukelele wake wa kila asubuhi. Walikuja wote wawili mbio, mikia ikipiga, wakatafuta sufuria wasiione. Alimshika Sikomi kichwa, kisha Hayakuhusu, mmoja baada ya mwengine, mpaka walipolala. Faiza alikuwa amegeuza uso kando.

"Nilikwambia uwalete," alisema, si kwa ukali.

"Uliniambia."

"Ningewapiga sindano ya chanjo mie mwenyewe. Ni jambo la kitambo kidogo tu."

"Naam."

Silima aliacha kumwamkia. Na yale aliyoyahofia yalitokea: bila ya mbwa, nguruwe walishuka. Konde la kwanza kuchimbuliwa lilikuwa la Tahiya, mihogo yote ya upande wa chini. Watu waliomcheka Bi Wanu kwa kulisha mbwa sasa walimlaumu kwa kutokuwa nao. Alikwenda konde lile akiwa peke yake, akafukia mashimo, akapanda upya vipande vya mihogo aliyoweza kuiokoa. Tahiya alimwona kwa mbali. Hakumzuia, wala hakumsaidia.

Nyumbani kwake Tahiya palizuka mazoea mapya. Kila asubuhi alimpa Khairat kikombe cha maji akasimama mbele yake kumtazama akinywa. Alikuwa amesikia kwamba mwenye ugonjwa ule huogopa maji. Mtoto akipaliwa, mama alishika ukuta. Khairat aliufanya mchezo: alikunywa akamwonyesha kikombe kitupu, "Haya, nimemaliza, nenda kapike." Tahiya hakucheka.

Kliniki ilirudi kabla ya mwezi kwisha. Safari hii Faiza alimwomba Bi Wanu apite naye nyumba kwa nyumba, naye alipita, ingawa nyumba mbili zilimfungia mlango. Hakuwa na hotuba. Alisema: mlete wa kwako, na kila mmoja na sindano yake, mie sikufanya hivyo. Wengine walimuuliza bei, akawaambia. Wengine waliuliza kama ni lazima mtu aandikwe jina. Akasema ni lazima, kwa sababu mbwa akiuma, mtoto wa watu atataka kujua wa nani.

Siku yenyewe foleni ilizunguka skuli. Walikuwapo mbwa ambao hakuna aliyewahi kuwakubali, wakiongozwa kwa kamba ndefu na watu waliojifanya wanatazama kwengine. Silima alikuja adhuhuri, foleni imeshapungua, na mtoto wa mbwa aliyepata Marumbi.

"Jina la mwenyewe?" aliuliza Faiza.

Silima alimtupia jicho Bi Wanu, aliyekuwa akishikilia paka wa bibi mmoja mzee. "Muulize huyo. Yeye ndiye mwenye kuandikwa."

"Mie mlishaji," alisema Bi Wanu. "Mwenyewe yupo, mzima, kasimama na kamba mkononi."

Watu walicheka. Silima hakucheka. Alikohoa, akaangalia huku na huku, akasema, "Haya andika. Silima Borafya." Mkanda alipopewa aliugeuza geuza, akainama akamfunga mbwa mwenyewe, kwa vidole viwili.

Sindano ya mwisho iliangukia siku ya Jumatano. Wakati Bi Wanu anafunga mlango wake, Tahiya alikuwa ameshafika, kasimama barazani na Khairat.

"Gari inangoja. Usitucheleweshe."

Hospitalini mtoto alitoa mkono bila ya kuambiwa. Kisha akatoa Bi Wanu. Muuguzi aliweka plasta, akaandika, akawaambia wamekwisha.

"Ndiyo basi?" aliuliza Tahiya.

"Ndiyo basi. Mmekuja mapema, na hamkukosa hata moja. Mwacheni acheze."

Tahiya alitoka nje hatua chache, akakaa kwenye ukingo wa barabara, baibui limejaa vumbi, akalia. Alilia kwa muda, watu wakimzunguka kupita. Bi Wanu alikaa kando yake, hakumgusa.

"Muuguzi kasema tulikuja mapema," alisema Tahiya baadaye. "Mapema! Hajui kama tungeweza kuja jana yake."

"Hajui."

"Jioni ile moja na usiku ule, Wanu. Hayo mengine yote nshayaacha. Mkanda, sijui msako, nshayaacha. Ule usiku mmoja sijakusamehe."

"Najua."

"Sijui kama nitaweza."

"Najua, Tahiya."

Khairat alikuwa amewasimamia, amechoka kuwangoja. "Mama, mlisema tukimaliza tutakwenda Darajani kula urojo."

Tahiya alijifuta uso kwa ushungi. Alimtazama mtoto, akautazama mguu wake, akainuka akakung'uta baibui. Alianza kwenda, akasimama, akageuka.

"Inuka basi," alimwambia Bi Wanu. "Mtoto ana njaa."